Hesabu ya Moshi: Coaster, Mwendokasi, Bajaji ya Gesi au Basi la Umeme?

Jirani yangu ana Coaster mbili zinazopiga njia hapa Dar es Salaam. Jumapili moja asubuhi alinikuta barazani nikinywa chai, akavuta kigoda akakaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu niambie wewe unayesoma soma. Hizi gari za gesi kweli hazina moshi, au ni maneno ya wauzaji? Na haya mabasi ya umeme ya Nairobi? Maana nataka kubadilisha gari, na sitaki mjukuu wangu aje aniulize kwa nini nilimvutisha moshi."

Nilimjibu kwa kifupi, hakuridhika. Basi nikachukua kalamu. Kwenye daladala, hesabu ni ile fedha ambayo dereva humkabidhi tajiri jioni. Hii yetu ilikuwa hesabu ya vitu vinavyotoka kwenye ekzosi, na ilituchukua mpaka chai ikapoa.

Daftari mbili, si moja

Watu huweka kapu moja vitu viwili tofauti. Kuna moshi unaouona na kuunusa: masizi, chembechembe ndogo kiasi cha kupita puani hadi ndani kabisa ya mapafu, na zile gesi za naitrojeni zinazowasha macho. Huu unamuumiza muuza mihogo wa kituoni leo hii, pale pale alipokaa. Mwaka 2012 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Halafu kuna hewa ukaa. Haina rangi wala harufu, haimkohozi mtu yeyote kituoni, lakini inakaa angani vizazi kwa vizazi ikiipasha dunia joto. Gari linaweza kuwa safi katika daftari moja na chafu katika jingine, na wauzaji hukufungulia lile linalowafaa.

Daftari la hewa ukaa ni jepesi kulijaza. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa takribani kilo 2.68. Lita ya petroli inatoa kilo 2.31. Kilo moja ya gesi asilia inatoa kama kilo 2.75. Mzee alinikatiza hapo: lita yenyewe haifiki kilo, itatoaje kilo mbili na nusu? Jibu ni kwamba kaboni iliyomo ndani ya mafuta hushikana na oksijeni ya hewani, na sehemu kubwa ya uzito huo ni ya oksijeni. Hakuna filta wala fundi anayeweza kulibadilisha hilo. Ukishachoma lita, umetoa kilo hizo.

Daftari la masizi linategemea umri wa injini, matunzo, na usafi wa mafuta. Hapo fundi ana kauli kubwa.

Gramu kwa kichwa

Kosa la kwanza la mabishano ya vijiweni ni kulinganisha gari na gari. Basi refu la mwendokasi, yale yenye barabara yao peke yao, likipita linaunguruma, mtu wa bodaboda anasema, "Ona linavyokunywa mafuta." Kweli linakunywa. Lakini limebeba watu wangapi?

Nilimwandikia mzee jedwali hili. Ulaji wa mafuta ni wa makadirio ya mjini penye foleni. Wewe weka namba za gari lako, hesabu ni ile ile: gramu za lita moja, gawanya kwa kilomita, kisha gawanya kwa abiria.

| Chombo | Ulaji | Abiria | Gramu za hewa ukaa kwa kilomita, kwa abiria |
|---|---|---|---|
| Gari dogo la petroli | km 10 kwa lita | 1 | 231 |
| Bodaboda | km 40 kwa lita | 1 | 58 |
| Bajaji ya petroli | km 25 kwa lita | 2 | 46 |
| Hiace ya dizeli | km 8 kwa lita | 16 | 21 |
| Coaster ya dizeli | km 5 kwa lita | 25 | 21 |
| Coaster hiyo hiyo, nyomi | km 5 kwa lita | 40 | 13 |
| Basi refu la dizeli, mita 18 | km 2 kwa lita | 120 | 11 |
| Basi refu hilo hilo, mchana | km 2 kwa lita | 20 | 67 |

Tazama mistari miwili ya mwisho. Basi lile lile, dereva yule yule, mafuta yale yale. Asubuhi likitoka Kimara kwenda Kivukoni limeshiba, hakuna chombo cha mafuta kwenye jedwali kinachoweza kulishinda. Likiwa na watu ishirini, kila abiria anachafua kuliko aliyepanda bodaboda. Kwa hiyo anayeniuliza kama mwendokasi ni safi kuliko daladala, namuuliza saa ngapi.

Bodaboda nayo ina siri yake. Ile gramu 58 ni ya kumpeleka abiria tu. Akimshusha ndani ndani huko na kurudi kijiweni mtupu, zidisha mara mbili: 116. Dereva simhesabu kama abiria kwa sababu yeye yuko kazini, hasafiri. Na pikipiki nyingi hazina kile kisafisha moshi kinachofungwa kwenye ekzosi za magari mapya ya petroli, kwa hiyo kwenye daftari la sumu zinakaa vibaya kuliko udogo wao unavyodanganya.

Mzee alipoona Coaster yake iko 21, au 13 ikijaa, alitabasamu. "Kumbe mimi ndiye mlinzi wa mazingira!" Nikamwambia asubiri, tufungue daftari la pili.

Coaster na masizi yake

Coaster nyingi za njia zilikuja zikiwa zimetumika Japani, na injini utakayoikuta mara nyingi ni ile 1HZ, silinda sita, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo ya kuisukumia hewa. Ni injini ya uvumilivu. Haihitaji kompyuta, fundi wa chini ya mwembe anaifungua na kuifunga. Lakini ilibuniwa kabla viwango vya moshi havijabana.

Angalia viwango vya Ulaya kwa injini za mabasi. Euro III ya mwaka 2000 iliruhusu gramu 0.10 za masizi na gramu 5 za gesi za naitrojeni kwa kila uniti (kilowati-saa) ya kazi inayofanywa na injini. Euro VI, iliyoanza mwongo uliofuata, inaruhusu masizi gramu 0.01 na naitrojeni gramu 0.4. Yaani masizi ya basi moja la Euro III yanatosha mabasi kumi ya Euro VI. Na injini nyingi za Coaster za mjini hazijawahi hata kuifikia hiyo Euro III.

Sasa kwa nini tusinunue Euro VI tukamaliza? Kwa sababu injini hiyo ni mgonjwa wa kula chakula maalumu. Inataka dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichowekwa 2015 kilikuwa sehemu 50. Hilo lilikuwa pigo zuri kwa uchafu wa zamani, ila filta ya masizi ya Euro VI bado itaona ni chakula kizito. Inataka pia maji ya urea. Yakiisha, au filta ikiziba, gari linapunguza nguvu lenyewe, na hapo ndipo fundi anapoitwa kuikata filta na kuidanganya kompyuta. Basi la Euro VI lililokatwa filta ni gari la gharama kubwa linalotoa moshi wa bei rahisi.

Tulikwenda kuangalia Coaster moja, ilikuwa imepaki nyuma ya nyumba. Mzee akawasha, nikafunga kitambaa cheupe kwenye fimbo nikakishika mbele ya ekzosi huku yeye akikanyaga mafuta mara tatu. Kilitoka na duara jeusi tii, kama chini ya sufuria ya kuni. Fundi wake, aliyekuwa amekuja kudai fedha ya kazi ya Ijumaa, akacheka. Akatusomea rangi: mweusi ni mafuta mengi hewa kidogo, angalia filta ya hewa na nozeli, wa bluu ni oili inaungua, ringi zimekwisha, mweupe usiokoma injini ikishapata moto, angalia gasketi, maji yanaingia. Filta ya hewa ilipotolewa ikagongwa chini, lilitoka vumbi la kutosha kupanda mchicha.

Hapo ndipo kuna moshi wa bei nafuu kupunguza kuliko wote. Nozeli zilizopimwa, filta safi na pampu iliyosetiwa vinashusha masizi, na mara nyingi vinashusha na lita za siku. Si uamuzi wa kupigia picha, lakini ndio wa kuanzia.

Gesi: inategemea unahama kutoka wapi

Hapa ndipo maneno mengi yapo, na ndipo mzee alipokuwa amevutwa. Tanzania ina gesi yake: Songo Songo iligunduliwa 1974 na kuanza kuzalisha 2004, Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na bomba kubwa la kutoka Mtwara likafika Dar mwaka 2015. Bajaji na teksi za gesi zimejaa mjini, na mabasi ya njia ya mwendokasi ya Mbagala yaliyoletwa 2025 ni ya gesi.

Kwenye daftari la masizi, gesi inashinda bila ubishi. Sehemu yake kubwa ni methani, na methani ni kaboni moja na haidrojeni nne. Haina minyororo mirefu ya kaboni ya kutengeneza masizi. Kitambaa cheupe mbele ya basi la gesi linalotunzwa hutoka karibu kilivyoingia. Kwa muuza mihogo wa kituoni, hilo peke yake ni sababu tosha.

Kwenye daftari la hewa ukaa mambo yanapinda. Kwa nishati ile ile, gesi hutoa hewa ukaa pungufu ya petroli na dizeli kwa kama robo. Ukitoka kwenye petroli, robo hiyo unaipata karibu yote, kwa sababu injini ni ya aina ile ile, ya plagi. Bajaji ya gramu 46 inashuka hadi kama 35. Lakini ukitoka kwenye dizeli unabadilisha na aina ya injini. Dizeli huwasha kwa mgandamizo, na ni bahili wa nishati. Injini ya gesi huwasha kwa plagi na hula zaidi, asilimia 15 hadi 20 hivi. Ile robo inapungua mpaka kubaki kama sehemu moja ya kumi.

Kisha kuna kuvuja. Methani isiyoungua inapasha dunia kama mara 28 kuliko hewa ukaa ukipima kwa miaka 100, na zaidi ya mara 80 ukipima kwa miaka 20. Katika kila kilo ya gesi, zikivuja gramu 10 tu, iwe kwenye bomba, kwenye kituo cha kujazia au kwenye injini yenyewe, ni kama umeongeza gramu 280 za hewa ukaa. Yaani sehemu moja ya kumi ya zile kilo 2.75. Faida yote ya kuhama kutoka dizeli imepita kwenye tundu la sindano.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzee lilikuwa hili: mtu wa bajaji au teksi ya petroli, gesi inamfaa katika daftari zote mbili, na mfukoni pia, kasoro yake ni foleni ya kujaza na mtungi unaokula nafasi ya mizigo. Mtu wa Coaster ya dizeli akinunua basi jipya la gesi, anawanunulia majirani mapafu. Asijisifu kwamba ameokoa dunia. Na kuibadilisha 1HZ iwe ya gesi sikumshauri hata kidogo. Dizeli haina plagi. Ama uifumue injini, ama uifunge mfumo wa kuchanganya dizeli na gesi ambao ukisetiwa vibaya unapitisha methani isiyoungua hadi nje.

Umeme: ekzosi imehamishwa, uliza imehamia wapi

Basi la umeme halina ekzosi, hilo linajulikana. Linabaki na vumbi la matairi na la breki kidogo, basi. Kituoni, ni ushindi.

Swali la hewa ukaa ni umeme unatoka wapi. Basi la mita 12 hula takribani uniti 1.2 kwa kilomita. Umeme wa mtambo wa gesi hutoa kama gramu 450 kwa uniti, wa makaa ya mawe karibu kilo nzima, wa maji, upepo na jotoardhi kidogo mno. Kwa hiyo:

Likichajiwa kwa umeme wa gesi mtupu, ni gramu 540 kwa kilomita. Likiwa na watu 50, gramu 11 kwa kichwa. Basi la dizeli la ukubwa huo, linalokwenda kilomita mbili na nusu kwa lita, likiwa na watu wale wale, ni gramu 21. Likichajiwa kwa makaa, kama Johannesburg, linafika 24: limepitwa na dizeli! Likichajiwa kwa maji, karibu na sifuri.

Ndiyo maana Nairobi ni mahali pazuri kwa matatu za umeme. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya, kama tisa ya kumi, inatoka kwenye jotoardhi ya Olkaria, mabwawa, na upepo wa Turkana. Kampuni ya BasiGo ilianza huko mwaka 2022 na mabasi ya viti 25, na mpango wake unamwondolea mwenye gari mzigo wa kununua betri: analipia kwa kilomita anazokwenda. Tanzania tulikuwa tukitegemea sana mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo, lakini bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, lilianza kuingiza umeme mwanzoni mwa 2024, na picha imebadilika.

Mzee akaja na hoja niliyokuwa naingojea. "Na hiyo betri yenyewe haitengenezwi kwa moshi?"

Inatengenezwa. Makadirio ya kawaida ni kama kilo 80 za hewa ukaa kwa kila uniti ya uwezo wa betri. Betri ya uniti 150 ni tani 12. Coaster ya dizeli inayokwenda kilomita 200 kwa siku inatoa kilo 107 kwa siku. Basi la umeme la ukubwa huo, likichajiwa kwa maji, linalipa deni la betri kwa muda usiofika miezi minne. Likichajiwa kwa gesi tupu, kwa ulaji wa uniti 0.7 kwa kilomita, linalipa kwa miezi tisa hivi. Baada ya hapo ni faida. Gari linalolala uani siku nne kwa wiki halilipi kirahisi hivyo. Umeme unawafaa wanaotembea sana, na daladala haina mpinzani kwa kutembea.

Pikipiki za umeme, kama zile za kampuni ya Ampersand za Kigali, ni hesabu rahisi zaidi. Zinakula sehemu ndogo sana ya uniti kwa kilomita. Hata kwa umeme wa gesi zinatoa chini ya theluthi ya bodaboda ya petroli, na dereva anabadilisha betri bila kusubiri ichajiwe.

Kidogo juu ya treni

Kuna kichekesho kati ya nchi hizi mbili jirani. Kenya, yenye umeme msafi, treni yake ya Madaraka Express iliyoanza 2017 kati ya Mombasa na Nairobi inavutwa kwa dizeli. Tanzania, ambayo umeme wake ulikuwa wa gesi zaidi, treni yake ya kisasa ya Dar hadi Dodoma iliyoanza 2024 inakwenda kwa umeme tangu siku ya kwanza. Reli ya umeme inakuwa safi zaidi kila bwawa jipya linapowashwa, bila kununua kichwa kipya. Kwa safari ya Dodoma sina la kupima: mtu anayeendesha gari lake peke yake, kwa lita 45 za petroli, anatoa kilo 104, basi lenye watu 50, kama linakwenda kilomita tatu kwa lita, ni kilo nane kwa kichwa. Treni iliyojaa haina sababu ya kuzidi hapo, na kwa umeme wa maji inashuka mbali sana chini yake. Wewe peke yako kwenye gari, una udhuru gani?

Mzee aliamua hivi

Coaster ya zamani zaidi ataiuza, na kwa nafasi yake anasubiri basi la umeme, kwa sharti kwamba atapata mahali pa kuchaji usiku karibu na zinapolala gari zake. Basi la gesi ameliweka nafasi ya pili, akisema kituo cha kujazia kikisogea atafikiria upya. Coaster ya pili inabaki njiani. Mwanawe mwenye bajaji ameambiwa akafunge gesi kabla mwezi haujaisha.

Ile inayobaki ilifungwa nozeli nne mpya na filta ya hewa siku ya Jumatano. Jioni mzee alinipitia na kitambaa mkononi, amekipima mwenyewe. Duara lilikuwa bado lipo, ila la kijivu.

"Dereva anasema amerudi na mafuta yaliyobaki," akaniambia. "Nimemuuliza mbona hesabu ni ile ile."

Nikacheka. Hilo lilikuwa la kwao wawili.